Birika la Wodi ya Wazazi

Mwaka ule maboti ya wakimbizi kutoka Kongo yalikuwa yakishusha watu Kibirizi asubuhi na jioni, na mji wetu wa Kigoma ulijaa hata ukiita "mama" barabarani wanageuka wanawake wa nchi tatu. Hospitali ya serikali ilijaa zaidi. Katika wodi ya wazazi wanawake walilala wawili wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule, na katikati watoto waliofungwa vitenge kama mikate.

Binti yangu Melania alikuwa humo. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya honi ya meli. Sote tulifurahi. Kisha mama mtu akashikwa na homa, na kidonda kikaanza kuwa chekundu pembeni.

Muuguzi mkuu wa wodi ile aliitwa Veneranda, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Aliniita nje akanionyesha kwa kidevu kitanda cha dirishani. Juma lililotangulia alifia pale mzazi mmoja aliyepasuliwa vizuri, akashonwa vizuri, kisha uchafu ukaingia kidondani, ukapita kwenye damu, na dawa haikuukuta.

"Kisu hakikumuua, mzee," alisema. "Ni mikono. Yangu, ya daktari, ya wageni, sijui ya nani. Binti yako nimemwanzishia sindano. Sindano inafanya kazi yake, lakini kila mkono mchafu unaomgusa unairudisha nyuma. Nikimpoteza huyu, sitamwambia mtu kwamba ni mapenzi ya Mungu."

Nilimwelewa. Mimi masomo ya jioni ya watu wazima niliyaanza nikiwa kuli wa bandarini na kuyamaliza nikiwa karani wa ghala, na somo la vijidudu ndilo lililonipa alama nyingi kuliko yote. Tena nilikuwa balozi wa nyumba kumi kule Rusimbi, na sisi mabalozi tulikuwa tumeitwa mkutanoni kuhusu jambo hilohilo. Serikali ilikuwa imechoka kuzika wazazi na watoto wachanga waliokufa kwa sumu ya damu ndani ya hospitali zake yenyewe. Ofisa mmoja wa afya, Bwana Pastory, alitusomea agizo: kila mlango wa wodi uwekwe maji na sabuni, na asipite mtu, awe daktari, awe mgeni, kabla ya kunawa.

Nilinyoosha mkono. Nilitaka kumuuliza kama amefikiri maji hayo yatasimama wapi, na mtu wa kwetu akiyaona mlangoni ataelewa nini. Bwana Pastory akasema maswali ni mwishoni. Mwishoni zikaja soda, na maswali yakafa.

Basi ndoo ikaletwa. Ilikuwa ndoo nyeupe yenye koki, zawadi ya shirika moja la wakimbizi, ikawekwa juu ya kigoda mlangoni pa wodi, beseni chini yake, na kipande cha sabuni ya mawese kimefungwa kamba kama mbuzi. Veneranda akasimama kando, mikono kiunoni.

Asubuhi hiyohiyo wakafika watu wa Kidahwe, kijijini kwetu.

Niwaeleze wasiotujua. Sisi Waha tukitoka kuzika, hatuingii nyumbani hivihivi. Maji huwekwa mlangoni, kila mtu ananawa, ndipo anapita. Tunaita kukaraba. Mtu wa Kidahwe akifika mahali alipolazwa mgonjwa wake, akakuta beseni mlangoni na watu wamepanga mstari wananawa kimya kimya, hahitaji kuambiwa neno.

Mbele ya msafara alikuwa dada yangu mkubwa, Eufrasia, kichwani kachukua mkungu wa ndizi, mkononi chupa ya mawese. Nyuma yake walikuwa wanawake wa ukoo, kila mmoja na mzigo wake. Alipofika kona ya wodi akaona ndoo. Akaona beseni. Akamwona mama mmoja wa Kikongo ananawa, sura imekunjamana, maana sabuni ilikuwa imemwingia jichoni. Mkungu ulianguka kwanza. Kisha Eufrasia akaweka mikono kichwani na kupiga yowe ambalo, nina hakika, lilifika stesheni. Wanawake wa ukoo wakalipokea.

Humo ndani, Melania na homa yake aliinua kichwa. Kando ya kitanda alikaa mama mkwe wake, Mwanvua, muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani hata yeye mwenyewe alisahau kwamba ni wa kuja. Melania akamuuliza nani amekufa.

Mwanvua alisikiliza kidogo. Nje walikuwa wakilitaja jina, na sifa za marehemu: upole wake, upishi wake, na jinsi alivyokuwa akisuka mikeka.

"Wewe, mwanangu, inavyoelekea," alisema. "Tulia. Wanakusifu vizuri."

Nilikimbia kumshika dada yangu kabla hajagaragara. Nilipomwambia Melania yu hai, hakushukuru. Aliondoa mikono kichwani, akajifuta machozi, akaniuliza ni mwendawazimu gani aliyeweka maji ya msiba mlangoni kwa mtu anayepumua. Nikasema ni serikali. Akasema basi serikali inywe maji yake.

Veneranda akamwambia anawe au asiingie. Eufrasia akamtazama kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu.

"Ninawe mlangoni kwa mtoto wa kaka yangu, nimzike kwa mikono yangu? Mimi nimekuja kumkanda."

Hapo ndipo nami nilipoogopa kweli. Kwetu shangazi ndiye anayemkanda mzazi. Anachemsha maji, anapaka mawese viganjani, analikanda tumbo kama unga wa mandazi, na bila hilo anahesabu kwamba kazi ya ushangazi haijafanyika. Lakini tumbo hili lilikuwa na mshono mbichi unaofura, na chupa ya mawese ilikuwa imesafiri kutoka Kidahwe juu ya lori la mkaa. Ilikuwa na kizibo cha gunzi la mahindi.

Kumzuia kulikuwa rahisi kwa maneno tu. Madirisha ya wodi yalikuwa ya chini, na shemeji mmoja alikwisha kuingia kwa njia hiyo akiwa na chupa ya chai. Zaidi ya hayo, Veneranda hakuweza kukaa kazini mchana na usiku, na aliyempokea zamu alikuwa binti mpole aliyewaamkia wazee wote "shikamoo" kisha akawapisha. Na kama tungemfukuza Eufrasia kabisa, jioni Kidahwe nzima ingejua kwamba Melania amefariki na hospitali inaficha maiti. Wangekuja na jeneza.

Kwa siku hiyo nilimwokoa binti yangu kwa uongo mdogo: nilisema daktari amefunga wodi kwa sababu ya dawa ya mbu. Kisha nikaenda kukaa na Mwanvua kwenye benchi karibu na lango. Mwanvua alikuwa na kipaji cha kuuza dagaa wa jana kwa bei ya leo, na nilihitaji akili ya namna hiyo.

Nikamweleza kwamba watu hawakatai maji. Wanakataa msiba. Mlango, beseni na mstari wa watu vikikutana, kwao ni msiba.

"Mkwe," Mwanvua akaniambia, "watu wenu wananawa wakitoka makaburini tu? Hawali?"

Wanakula, nikasema. Tena wanapokula karamuni hupita mtu na birika, na hakuna Muha aliyewahi kumkataa mtu mwenye birika, kwa kuwa anayekataa kunawa anakosa chakula.

Mwanvua alicheka tu, mabega yakitikisika, akaondoka kwenda nyumbani kutafuta sufuria.

Kesho yake mlango wa wodi ulikuwa mwingine. Ndoo haikuwapo. Koki yake ilikuwa imeng'olewa na watu wasiojulikana, nami siku za baadaye niliiona imefungwa kwenye pipa la togwa sokoni, nikanyamaza. Mahali pake palikuwa na birika kubwa la bati, beseni safi, na ile sabuni. Na hatua chache pembeni, juu ya mafiga matatu na moto mdogo, ilikaa sufuria ya karamu, ile ya kupikia harusi, imefunikwa sinia, na juu ya sinia jiwe. Ndani yake mlikuwa na maji na konzi ya dagaa waliochaguliwa kwa harufu, si kwa uzuri. Mvuke ukatoka pembeni mwa sinia na kutembea uani kama mjumbe.

Veneranda alipouona moto uani kwake alifungua mdomo. Nilimvuta kando nikamweleza. Alifikiri, akatazama kitanda cha dirishani, kisha akasema moto usogezwe mbali kidogo na madirisha, na kwamba yeye hajaona kitu.

Kazi yangu ilikuwa Eufrasia. Nilimsubiri hadi akafika na wanawake wake wote, maana jambo hili lilihitaji mashahidi. Nikainama, nikamwamkia kwa mikono miwili kama alivyotaka mama yetu, kisha nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba mtoto amezaliwa, wageni wanamiminika, sufuria iko motoni, na nyumba haina mwenyeji. Mkwe Mwanvua alikuwa amejitolea kushika birika, lakini mimi nimemwambia hapana, birika ni la upande wa baba, dada yangu yuko njiani.

Mwanvua, kama tulivyopatana, akanyoosha mkono kulichukua birika kwa uchu.

Eufrasia akamwahi. Chupa ya mawese alimpa mwanamke mmoja amshikie, nami nilihakikisha mwanamke huyo anatumwa mbali.

Sasa, karamuni kwetu anayenawisha wageni huanza kwa kunawa yeye mwenyewe, mbele ya watu, hadi kwenye viwiko. Na akilishika birika haliweki chini mpaka mgeni wa mwisho awe amenawa. Akiliweka, amesema kwamba wageni waliobaki si watu. Dada yangu hajawahi kuvunja adabu maishani mwake, ya wengine wala yake. Alikunja mikono ya gauni, akanawa, akasimama mlangoni pa wodi kama nguzo.

Hakuna aliyekataa. Watu wa Kidahwe walionusa sufuria walinawa hata nyuma ya masikio. Wageni wa Ujiji walinawa. Wakongo wakanawa, wakamshukuru kwa lugha zao. Kila aliyetoka ndani kuuliza chakula aliambiwa na Mwanvua kwamba dagaa hawajaiva, ngoja kidogo. Waliochoka kungoja walikuta langoni mpwa wa Mwanvua, mwanamke mnene mwenye kapu la dagaa wa kukaanga, na njaa ikiwa imekwisha kuamshwa, kapu halikukaa. Sikuuliza wamepata kiasi gani. Biashara ya mkwe si yangu.

Eufrasia aliniuliza ni lini atapata nafasi ya kuingia kumkanda mtoto wake. Nikasema, wageni wakiisha. Kisha nikaenda Rusimbi, nikapita nyumba zangu zote kumi na nyingine ambazo si zangu, nikawaambia watu kwamba ni aibu mtaa mzima haujamwona Melania. Wageni hawakuisha.

Jambo moja sikulipanga, nalo ndilo lililomfanya Veneranda aanze kumwita dada yangu "mama". Karamuni, mtu akitoka nje akarudi, ananawa upya. Nani ajuaye alikokwenda? Eufrasia alifuata hivyohivyo. Daktari kijana alitoka wodi ya majeruhi wa vita akitaka kupita upesi. Akalikuta birika kifuani mwake. Akaeleza kwamba yeye ni daktari.

"Na mimi ni shangazi," Eufrasia akamwambia. "Leta mikono."

Daktari alinawa. Akatoka, akarudi, akanawa tena. Wauguzi vivyo hivyo, na mfagiaji, na padri aliyekuja kubariki, na shehe aliyekuja nyuma yake. Jua lilipokwenda upande wa ziwa dada yangu alikwenda kulala kwangu, lakini alimkabidhi birika yule muuguzi mpole wa zamu mbele ya mashahidi, akamwapisha. Binti yule aliogopa kumwangusha Eufrasia kuliko alivyomwogopa mganga mkuu. Asubuhi dada yangu alilidai birika lake.

Homa ya Melania haikuondoka kwa siku moja. Kuna mchana alitetemeka hata kitanda kikalia, mimi na Mwanvua tukashikana mikono bila kujali kwamba ni wakwe, na utani wetu wote ukakauka mdomoni. Siku ile Eufrasia alisikia kitanda kile kutoka mlangoni. Uso wake ulibadilika. Alilitazama birika, akautazama mlango, na mstari wa wageni mbele yake. Nilifikiri, sasa ataliweka chini. Hakuliweka. Alimwambia mgeni aliyekuwa mbele yake, mzee wa watu, anawe tena, na safari hii asugue.

Kisha sindano ikaanza kushinda. Wekundu ukarudi nyuma. Melania akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari, nasi tukajua anarudi.

Ndipo akaja Bwana Pastory kukagua utekelezaji wa agizo. Alikuja na gari na wasaidizi. Aliona mstari wa watu wanaonawa kwa hiari, wanasugua kucha, wanasukumana ili wafike majini. Alisimama akafurahi. Nilimsikia akiwaambia wasaidizi wake kwamba hayo ndiyo matunda ya semina. Kisha akatembea kando ya mstari, kama watembeavyo wakubwa, akauelekea mlango.

Birika likamzuia.

Bwana Pastory ni mtu wa Kasulu. Amesoma, amevaa tai, lakini ni Muha. Alilitazama beseni, akautazama mlango, akamwona mama mzee amesimama kimya na maji. Nikaona tai inapanda na kushuka. Akavua kofia.

"Shikamoo mama," alisema kwa sauti ya chini. "Kumbe kuna msiba hapa?"

"Marahaba. Bado," Eufrasia akamjibu. "Nawa."

Alinawa. Alinawa kuliko wote, hadi saa yake ikaingia maji. Alikagua wodi, akamwona Melania ameketi ananyonyesha, akamsikiliza Veneranda akimweleza kwamba tangu birika lije hakuna mzazi aliyepandwa na homa mpya. Akatoka amejaa furaha, na kwa kuwa alikuwa amenawishwa kwa adabu kamili, na kwa kuwa harufu ilikuwa imemfuata mpaka ndani, akasugua viganja vyake na kusema kwamba sasa yuko tayari kukaribishwa.

Mwanvua akanitazama. Mimi nikatazama ziwa.

Bwana Pastory mwenyewe aliondoa jiwe, akainua sinia. Mvuke ukapanda. Ulipopungua, sote tuliona maji ya kijivu, na juu yake dagaa mmoja akizunguka pole pole, jicho limetoka, kama mtu aliyepotea sokoni.

Eufrasia alikuja taratibu, birika mkononi bado, akachungulia. Aliangalia sufuria kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi, na nikawa tena mtoto mdogo kule Kidahwe aliyekamatwa na asali mdomoni.

Akanipa birika nishike. Akaenda ndani.

Nilimfuata hadi mlangoni. Alisimama kando ya kitanda cha Melania na mikono yake mbele. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa maji, safi kuliko vidole vyovyote Kigoma nzima. Nilimwona anaitazama bandeji. Kisha akaweka kiganja kimoja, si tumboni, bali kwenye paji la uso, akakiacha hapo.

"Amepoa," alisema.

Melania akamwambia, shangazi, mikono yako inanukia sabuni. Eufrasia akamwambia anyamaze, anyonyeshe.

Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu. Akapanda juu ya ngazi ya wodi ili aonekane. Akawatangazia watu wa Kidahwe, wa Rusimbi, wa Ujiji, wakimbizi, wauguzi, daktari kijana, Bwana Pastory na wasaidizi wake, kwamba kwa bahati mbaya chakula kimepata ajali hospitalini, lakini hakijapotea, kimehamia nyumbani kwa kaka yake Balozi Anatoli, Jumapili, siku binti atakaporuhusiwa, na wote walionawa kwenye birika lile wamealikwa, maana kwetu hatumnawishi mtu tukamwacha na njaa.

Nilitaka kusema neno. Bwana Pastory alikwisha kuanza kupiga makofi.

Jumapili walikuja wote. Walikuja hata ambao sina hakika kama walinawa. Mbuzi wangu wawili waliondoka, na kuku, na jogoo niliyekuwa nimempa jina. Mwanvua alileta dagaa, akaniuzia. Mlangoni pangu alisimama dada yangu na birika, akiwanawisha mmoja mmoja, na kila niliponyoosha mikono yangu, aliinua mdomo wa birika juu na kuniambia kwa upole nisubiri, wageni hawajaisha.